Jina la Amir Lasimama Kupisha Uchunguzi

Ofisi ya Asili na Uenezi wa Majina, ghorofa ya tatu, mlango wa pili kushoto, iliwatangazia wakazi wote wa Haifa na vitongoji vyake kwamba kuanzia Jumapili ile kila jina litakuwa na asili moja. Moja tu. Fomu mpya ilikuwa na kisanduku kimoja cha asili chenye upana wa sentimita nne, na Mkurugenzi alikipima mwenyewe kwa rula. Aliyebandika tangazo lile ni mimi, Rahamim Sabag, Katibu Mwandamizi. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wamezusha kwamba lilibandikwa na mfagiaji.

Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Langu lilipita bila tatizo. Ghafla tukakwama kwenye Amir.

Waarabu walisema ni lao, maana yake mkuu, mtu wa kutoa amri. Wayahudi wenzangu wakasema ni lao, maana yake kilele cha mti. Kwa vyovyote vile ni mtu wa juu, lakini wa juu kwa nani? Mkurugenzi wetu, Dakta Gideon Lifshitz, aliita maprofesa wawili, mmoja kutoka kila upande. Wakanywa chai yetu, wakala biskuti zetu zote, wakakubaliana kwamba kila mmoja ana haki na kwamba jina limeishi pande zote mbili tangu zamani za kale. Mkurugenzi alikasirika mno. Alisema maprofesa wanaokubaliana hawana faida yoyote kwa ofisi.

Basi jina likasimamishwa siku tisini kupisha uchunguzi. Wanaume wazima waliokuwa nalo tayari waliruhusiwa kuendelea kulitumia kwa tahadhari. Watoto wachanga hapana.

Uchunguzi wa uenezi niliusimamia mwenyewe. Kamati ya ofisi yetu ilisimama juu ya ngazi za soko la Wadi Nisnas, mtaa wa Waarabu, nami, kwa kuwa nimejaliwa sauti, nikapiga ukelele: "Amir!" Vichwa kumi na vinne viligeuka. Saba walijibu kwa Kiarabu, sita kwa Kiebrania, na mmoja alikuwa mbwa, ambaye tulimwandika kuwa hakutoa ushirikiano. Mama mmoja aliyebeba mfuko wa bamia akanijia mbio.

"We baba, mume wangu unamwitia nini? Kafanya nini tena?"

"Ni utafiti, mama."

"Utafiti! Jitu zima linapiga kelele sokoni, eti utafiti!"

Hilo nalo tuliliandika, chini ya maoni ya wadau.

Jumanne, siku ileile ya uchunguzi, ndipo alipofika dirishani kwangu Fuad Mazzawi, muuza achari wa Wadi Nisnas. Ananuka siki hadi kwenye kope, lakini siku ile alikuwa amenyoa na kuvaa suti. Nikauliza jina la mtoto.

"Amir."

"Limesimamishwa."

"Limefanya nini?"

"Halijafanya kitu, limesimama kupisha uchunguzi. Likikutwa safi litarudi kazini."

Alinitazama kama mtu aliyeng'ata tango chungu. "Bwana Katibu, mbona unanichanganya? Mimi ndiye Baba Amir. Naitwa hivyo tangu nina miaka kumi na sita. Uliza soko zima."

Hapo niliweka kalamu chini. Waarabu wa kwetu wana desturi hiyo: kijana hata ndevu hazijashika, watu wanaanza kumwita baba wa jina la baba yake mzazi, kwa sababu inajulikana kwamba kifungua mimba wake wa kiume atachukua jina la babu. Nimeisikia maisha yangu yote mtaani. Lakini mtaani sikuwa na fomu.

"Una umri gani sasa?"

"Arobaini na mmoja."

"Na huyo mtoto?"

"Siku tatu, Mungu amlinde. Tumehangaika miaka kumi na tisa ya ndoa."

"Kwa hiyo, ndugu Mazzawi, miaka ishirini na mitano umejitangaza baba wa mtu ambaye hayupo."

"Nilikuwa namsubiri," akasema.

Fomu haikuwa na kisanduku cha kusubiri. Nikajaza Hati ya Ukiukwaji kwa mwandiko wangu mzuri: *Mtajwa ameshika cheo cha ubaba wa Amir kwa miaka 25 mfululizo, bila likizo.* Akatia sahihi, na hati ikaingia kabatini ikinuka siki.

Nyuma yake alikuwa mzee mmoja ameketi kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho, na chupa ya kahawa yenye hiliki miguuni. Huyo ndiye Amir mwenyewe, babu, miaka themanini na mitatu. Aliinuka polepole, akaegemea dirisha langu.

"Mwanangu, Jumatano ijayo wananifungua kifua. Daktari anasema nitarudi salama, ila alisema huku anatazama dirishani. Mimi nataka kitu kimoja. Nilione jina langu kwenye karatasi ya mjukuu kabla hawajanilaza pale mezani. Nikifumba macho nijue nimeacha mtu."

Nilijisikia vibaya, sifichi. Nikapekua orodha ya majina mbadala yasiyo na mgogoro, nikampa lililokuwa juu kabisa. "Nebukadneza je? Ni jina safi. Babeli tupu, hakuna anayeligombea."

"Yaani mwanangu akauze achari akiitwa Baba Nebukadneza?" Mzee alicheka hadi akashika kifua, na mwanawe akanikazia macho. "Wateja watadhani anauza simba!"

"Basi njooni kesho," nikasema.

Wakaja kesho. Na keshokutwa. Kila nilipofungua dirisha, kiti cha kukunja kilikuwa mahali pake na korido nzima inanukia hiliki. Mara mbili Baba Amir alimfuata Mkurugenzi mpaka kwenye lifti.

"Dakta, baba yangu anapasuliwa Jumatano. Nikuombe kwa lugha gani?"

"Nasikitika sana," Mkurugenzi alimjibu, "lakini nikimhurumia mmoja, kesho nitatakiwa kuwahurumia wote." Akaniagiza niyaandike maneno hayo, tuyatundike ukutani. Niliyatundika.

Sasa nieleze jambo la upande wetu. Waarabu wanalitangaza jina miaka ishirini kabla ya mtoto. Sisi Wayahudi tunalificha. Mtoto anazaliwa, shangazi wanadadisi, bibi anatishia kuzimia, wazazi kimya, mpaka siku ya nane kwenye tohara ndipo jina linatamkwa mbele ya watu. Likishatamkwa, limetamkwa. Na Noga, binti wa Mkurugenzi, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Jumatatu ile, siku moja kabla sijamwona Baba Amir.

Jumatatu iliyofuata ofisi nzima tulialikwa. Samaki wa kukaanga, mikate, vikombe vya divai, ndugu wa kila aina. Mkurugenzi alipewa heshima ya kumpakata mtoto wakati wa kutahiriwa. Alikaa wima kitini, mto mapajani, mtoto juu ya mto, uso wake unang'aa. Ngariba akamaliza kazi yake, akamwinamia baba wa mtoto, kijana aitwaye Itai. Itai akamnong'oneza. Ngariba akapaza sauti:

"Na jina lake aitwe Amir, mwana wa Itai!"

Upande wa Itai ni watu wa asili ya Moroko kama mimi, na vigelegele vyao vilitikisa vioo. Mkurugenzi hakusogea. Asingeweza, mtoto alikuwa mapajani. Alipauka kuliko mtoto, na mtoto ndiye aliyekatwa.

Baadaye akamvuta binti yake pembeni, karibu na samaki nilipokuwa nimesimama kikazi.

"Noga, mwanangu, asili yake ni nini?"

"Asili ya nini?"

"Ya jina! Mmelitoa wapi? Kuna marehemu? Kuna andiko?"

"Baba, tumelipenda tu."

"Kulipenda si asili. Kisanduku hakipokei. Na jina lenyewe nimelisimamisha."

"Lisimamishe ofisini kwako. Hapa limetamkwa na samaki wameliwa." Noga akamchukua mtoto. "Mpaka uniletee cheti chake, humbebi tena huyu."

"Noga..."

"Hata kidole chake hukishiki. Kanuni ni kanuni, si ndiyo wimbo wako?"

Jumanne asubuhi Mkurugenzi aliingia ofisini bila salamu, akajifungia, akatoa fomu na muhuri. Nilibisha hodi. Ilinilazimu kumkumbusha Kanuni ya Tisa, ambayo aliiandika mwenyewe mwaka juzi baada ya kusikia kwamba nilimsaidia mpwa wangu: ofisa haruhusiwi kugusa faili la jamaa yake, wala aliye chini yake haruhusiwi kuligusa kwa niaba yake.

"Rahamim," akasema, "si tunafahamiana?"

"Ndiyo maana sithubutu, Dakta."

Akatoka, akachukua namba kwenye foleni. Alipata sitini na moja. Mzee Amir alikuwa na hamsini na nane. Siku moja tu ilikuwa imebaki, na Baba Amir alikuwa anakunjakunja kofia yake mikononi. Mzee akamsogezea Mkurugenzi kikombe cha kahawa.

"Karibu foleni, mwanangu. Wa kwenu naye anaitwa nani?"

"Amir."

"Eh, hongera! Jina zuri sana hilo, mimi nalo miaka themanini na mitatu na halijanipa shida mpaka wiki iliyopita. Wamemwita kwa ajili ya nani?"

Mkurugenzi akapiga funda la kahawa, akaungua. "Wamelipenda tu."

"Sasa unatafuta asili gani tena?" Mzee akauliza, wala hakuwa na nia ya kumkejeli.

Nikafungua kitabu cha kanuni. Inasemwa humo kwamba maofisa wote wakizuiwa, shauri litaamuliwa na mwananchi mwenye uzoefu wa jina husika usiopungua miaka kumi na mitano, uliothibitishwa kwa maandishi na ofisi hii. Nikapekua kabati lote. Faili la namna hiyo lilikuwa moja, na halikuhitaji kutafutwa sana, maana lilinuka siki. *Miaka 25 mfululizo, bila likizo.* Mwandiko wangu, muhuri wetu.

"Fuad Mazzawi, ingia ndani," nikaita. "Wewe ndiye mamlaka."

Baba Amir akaingizwa chumbani mwa Mkurugenzi, akakaa kwenye kile kiti kinachozunguka. Akakizungusha mara moja, akajizuia. Mkurugenzi akasimama mbele ya meza yake mwenyewe. Mimi nilishika kalamu.

"Dakta," alianza Baba Amir, "mjukuu umembeba?"

"Kabla ya jina kutoka, ndiyo. Tangu hapo nimekatazwa."

"Inauma?"

Mkurugenzi alitazama maneno yake yaliyotundikwa ukutani, yale ya kuwahurumia wote. "Inauma sana," akasema, na sauti yake haikuwa ya ofisini.

"Baba yangu kesho anafunguliwa kifua, Dakta. Wiki nzima nimekwambia. Ningeweza kukwambia njoo kesho, na Mungu anajua natamani." Akavuta fomu mbili, akaziweka sambamba. "Katibu, andika. Ya mwanangu, asili: babu yake alilibeba. Ya mjukuu wa Dakta, asili: babu yake alilipangia foleni."

"Sentimita nne hazitoshi," nikasema.

"Andika kwa herufi ndogo."

Niliandika. Mkurugenzi akatia sahihi kwanza hati ya kulirudisha jina kazini, maana bila hiyo vyeti vyote viwili visingetoka, kisha, kwa amri ya mamlaka, akagonga muhuri mara tatu. Mimi nikasingizia vumbi machoni. Mzee Amir alikisoma cheti cha mjukuu wake mara tatu, kidole kikifuata herufi. Akakikunja, akakiweka mfuko wa shati, upande uleule ambao wangeufungua kesho yake.

Alirudi salama. Daktari alikuwa mkweli, dirishani alikuwa akitazama gari lake likivutwa na polisi. Wiki ya tisa baada ya upasuaji mzee alishuka sokoni kwa mkongojo, amempakata Amir mdogo, na kila kibanda kilimtunuku kitu. Baba Amir alinitumia kopo la matango. Sikulipokea kama rushwa, nililila hapohapo.

Ila bado kuna faili moja. Mkurugenzi sasa anamtembeza mjukuu wake Wadi Nisnas kila Ijumaa, na watu wa kule, kama kawaida yao, wameshampa jina. Hakuna tena anayemwita Dakta Lifshitz. Wanamwita Babu Amir, hata wanaompigia simu ofisini. Na Kanuni ya Nne iko wazi: cheo chochote kinachotumiwa na watu zaidi ya kumi lazima kichunguzwe asili, na anayekitumia akae pembeni kupisha uchunguzi.

Nilikwenda mwenyewe juu ya zile ngazi za soko, nikapiga ukelele: "Babu Amir!" Vichwa viwili viligeuka. Mmoja, Mzee Amir, alikuwa na cheti cha mjukuu mfukoni, kimegongwa muhuri, kinasema alilibeba. Mwingine alisema amepewa tu na watu.

Kupewa si asili. Kwa hiyo Dakta Lifshitz yuko pembeni siku tisini, na kiti kinachozunguka nakikaimu mimi. Jana alikuja dirishani na mtoto begani, akaniomba nimsikilize dakika moja. Nilisikitika sana, nikamwonyesha ukutani. Kisha nikamwambia aje kesho.