Jambazi Anayeomba Samahani

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mpango umekamilika. Nauandika hapa ili historia isije ikanisahau.

Tarumbeta anaondoka Jumamosi asubuhi. Chuo cha uuguzi, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Miaka miwili! Jina la Tarumbeta alipewa na mwalimu wa hesabu, kwa sababu akinong'ona darasani, darasa la jirani walikuwa wanaandika alichosema. Mimi mwalimu huyo huyo aliniita Kobe. Sikuuliza kwa nini.

Tatizo ni hili. Mimi na simu hatupatani. Nikipigiwa nasema hujambo, halafu maneno yananiishia. Nikiandika ujumbe, naandika mistari kumi, nafuta tisa na nusu, natuma "sawa". Kwa mwendo huo urafiki wetu hautamaliza hata muhula mmoja. Na sina rafiki wa akiba.

Lakini ipo Ngome Saba! Ni mchezo wa kupigana wa watu wengi, usio na picha hata moja. Kila kitu ni maneno. Unaandika "nenda kaskazini", unajibiwa kwamba umefika kisimani, upepo unavuma, na shujaa fulani amesimama hapo ananoa shoka. Shujaa huyo ni mtu kweli, ameketi kwao anaandika kama wewe. Unaandika "piga", "kwepa", "kinga". Ukitaka kuzungumza, unaandika "sema". Humo ndani mimi ni Ngurumo, mpiga upanga. Nimeshika nafasi ya mia mbili na kumi na moja kati ya mashujaa mia mbili na kumi na tisa. Lakini humo ndani nazungumza! Si sana, ila zimwi likisimama mbele yako huwezi kukosa la kusema.

Mpango: nimwingize Tarumbeta humo kabla ya Jumamosi. Akinogewa, tutakutana kisimani kila siku mpaka tuzeeke. Nimemwandalia daftari la amri zote. Kurasa kumi na nne. Wino wa rangi mbili.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Tarumbeta alikuja dukani mchana. Duka ni la Shangazi, la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta mbili, printa moja yenye kikohozi. Nafanya kazi hapa tangu nimalize shule. Shangazi anazungumza na wateja, mimi nazungumza na kibodi. Kila mtu ameridhika.

Nilimweleza Tarumbeta kanuni kwa dakika arobaini. Alipotakiwa kuchagua jina la shujaa nilimshauri achague la kutisha. Akasema la kwake linatosha kutisha. Akaingia kwa simu yake kama Tarumbeta.

Dakika kumi baadaye akapiga miayo. Akauliza maadui wako wapi. Nikasema mgeni hagusiki akiwa kisimani, ukurasa wa tano. Akasema mchezo huu ni kama kusoma barua ya mtu asiyekupenda. Akaenda kununua sabuni na ndoo ya kwenda nayo chuoni.

Nimeishiwa nguvu!

Ila jambo moja limenishangaza. Katika dakika hizo kumi alikuwa ameshafahamiana na mashujaa watatu, na mmoja amempa viatu. Nina miezi minane humo ndani, natembea pekupeku. Sikujua kwamba viatu unaviomba tu.

Mpango mpya: Tarumbeta anahitaji hatari. Na mwokozi. Mwokozi yupo tayari (Ngurumo). Hatari nimeitengeneza jioni hii kwenye kompyuta ya pili. Anaitwa Jino Moja. Ni jambazi. Tarumbeta hatajua kamwe kwamba ni mimi.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Shangazi alikwenda kununua karatasi. Nikaweka viti viwili. Kiti cha kushoto Jino Moja, amejificha chini ya daraja. Kiti cha kulia Ngurumo, nyuma ya kichaka, anasubiri kuokoa.

Tarumbeta alikuwa kwao na simu yake. Akaja darajani na viatu vyake vya bure, njia ile ile niliyomwelekeza. Nikaandika: "Samahani. Toa mali yako." Siwezi kumsemesha mtu bila kuanza na samahani. Ndivyo nilivyolelewa.

Nilitegemea mayowe. Akamuuliza jambazi kama ameshakula. Akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akamuuliza kama jino hilo moja linamuuma, maana yeye anakwenda kusomea uuguzi. Nikajibu kwamba linauma. Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Lilikuwa jina tu! Akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, tena nisidanganye, atanikagua.

Tukazungumza dakika ishirini. Mimi! Dakika ishirini! Ngurumo nilimsahau kabisa nyuma ya kichaka. Nilipomkumbuka nikarukia kiti cha kulia, nikaandika "piga Jino Moja".

Tarumbeta akaandika "kinga Jino Moja".

Ukurasa wa tisa! Kumbe aliusoma ukurasa wa tisa! Ukimkinga mtu unasimama mbele yake na upanga unakupata wewe. Upanga wa Ngurumo una miezi minane haujampata mtu. Leo umepata. Tangazo likatoka kwa mashujaa wote: "Ngurumo amemuua Tarumbeta."

Nimepanda hadi nafasi ya mia mbili na nne.

Amekufa kwa ajili ya jambazi aliyemfahamu dakika ishirini. Nani anafanya hivyo? Na alifanya papo hapo, bila kufikiri, kama mtu anayepisha mzee kiti. Nilijivunia yeye kama ndugu yake, ingawa mimi ndiye niliyemuua.

Akapiga simu anacheka mpaka simu inatetemeka. Alikuwa amefufuka kisimani. Akasema mchezo ni mtamu! Akasema shujaa wangu Ngurumo ana haraka kama mtu anayewahi choo, lakini yule jambazi ni mtu wa adabu, na kesho atamtafuta.

Atamtafuta yeye, si mimi. Namwonea wivu mtu ambaye ni mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Siku ngumu. Naandika polepole.

Jino Moja na Tarumbeta walikaa chini ya daraja tangu saa nane mchana. Alinikagua jino. Halafu akaanza kusema mambo ambayo Kobe hajawahi kuambiwa. Kwamba kelele zake zote ni za woga. Kwamba tangu wiki iliyopita chakula hakipiti. Kwamba ana rafiki mmoja, mkimya, na rafiki huyo amempa daftari la kurasa kumi na nne lakini hajasema hata neno moja kuhusu safari. Labda hajali.

Nikaandika haraka: "Anajali."

Akauliza najuaje. Nikasema majambazi tunajua mambo mengi.

Wakati huo huo akaingia fundi bomba, anataka barua ya haraka kwa mkuu wa shule fulani, kuomba kazi ya kutunza mabomba. Alisimama ananitajia maneno. Nikawa nachapa barua yake upande mmoja wa skrini na Jino Moja upande wa pili. Najua. Sasa najua.

Shangazi hukubali barua itoke dukani pale tu akishaisoma kwa sauti. Sauti ya Shangazi inafika kwa muuza nyama. Akasoma: "Nina uzoefu wa miaka kumi na mmoja wa kuziba mabomba na kuzibua vyoo. Usiondoke bila kuniaga, moyo wangu utapasuka. Naomba ombi langu lipokelewe."

Hata printa haikukohoa.

Shangazi akauliza nani anamwondokea nani humu dukani. Nikasema ni printa. Fundi bomba akaichukua barua, akaisoma tena mwenyewe akisogeza midomo, akasema iachwe hivyo hivyo. Tangu aanze kuomba kazi, akasema, hii ndiyo barua ya kwanza yenye ukweli.

Nilipogeuka kwa Tarumbeta nikakuta Jino Moja amemwambia: "Nina vyeti vitatu na funguo zangu mwenyewe za kufungulia mabomba." Naye Tarumbeta amejibu kwamba hongera, jambazi mwenye elimu ana maisha mbele yake.

Kwa hiyo sentensi pekee ya maana niliyowahi kumwandikia inakwenda kwa mkuu wa shule.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Nimeamua kumwambia uso kwa uso. Nimefanya mazoezi mbele ya mashine ya fotokopi. Sentensi ni fupi: nitakukumbuka sana. Maneno mawili!

Nilimkuta anapanga sanduku. Mama yake alikuwa anapiga pasi sare za chuo, akalalamika kwamba binti yake ametoa taulo na kuweka daftari lenye wino wa rangi mbili. Tarumbeta akasema taulo zinauzwa kila mahali, mama, daftari hili liko moja. Nikakunja sare zote nne. Nikazikunjua. Nikazikunja tena. Nikafungua mdomo. Nikasema: mkanda wa sanduku umelegea.

Akaukaza. Akasema, kama mtu anayezungumza na ukuta, kwamba yule jambazi wa darajani anamstaajabisha. Anaomba samahani kabla ya kupora. Anaandika vizuri sana, hakosei hata nukta. Na jana, katikati ya mazungumzo, ikampenya sentensi ya fundi bomba, utadhani anachapa barua za watu katika duka fulani. Akaniuliza kama namfahamu mtu wa namna hiyo.

Nikasema hapana.

Akauma mdomo, mabega yakamtikisika. Nadhani ni huzuni ya safari.

Hashuku chochote.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Stendi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndoo, sanduku, godoro limefungwa kamba. Tarumbeta alikuwa ameshamfahamu kondakta na abiria wa viti vya mbele wote. Mama mmoja alikuwa ameshamwonyesha uvimbe wa goti.

Mimi nilishika ndoo. Sentensi ilikuwa imefika hapa, kooni. Injini ikawashwa. Nikasema: ukurasa wa kumi na mbili una kosa, zimwi la ziwani lina vichwa vitatu, si viwili.

Akanikumbatia pamoja na ndoo. Akasema nimwambie Jino Moja kwamba naye atamkumbuka sana, tena sana, na aendelee na maji ya chumvi. Akapanda. Alinipungia kwa mikono miwili mpaka kondakta akamwambia dada, madirisha haya ni ya wote.

Nimwambieje Jino Moja? Rasmi simfahamu.

Nimelia kidogo njiani. Lakini ningependa iandikwe kwamba siri nimeitunza.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Amekuja! Saa tisa alasiri, kisimani, viatu miguuni! Ana saa moja huru kila siku baada ya masomo. Chumba chao ni cha wasichana wanne, na wenzake wote watatu ameshawaingiza Ngome Saba. Siku mbili tu! Mimi miezi minane nimemwingiza mmoja, na nikamuua.

Mchana huo huo fundi bomba alipita dukani. Ameitwa kwenye usaili. Mkuu wa shule alitaka kumwona mtu huyo kwa macho yake. Anaomba barua nyingine kwa ajili ya shemeji yake, na atafurahi kama itakuwa na sentensi kama ile.

Tarumbeta ametangaza vita. Anataka kuivamia Ngome ya Nne. Akamwita Ngurumo, akamwita na Jino Moja, waje wote wawili pamoja. Nikakimbia kiti cha kushoto, kiti cha kulia, kushoto, kulia. Shangazi akauliza kama viti vina siafu. Katikati ya mbio hizo Ngurumo, sijui kidole kilipata wapi ujasiri, akaandika: "Nitakukumbuka sana."

Nilichelewa siku mbili. Lakini nimeisema, na sikufuta!

Tarumbeta alinyamaza dakika nzima. Hiyo ni rekodi yake. Halafu akaandika kwamba ameisikia tangu darajani, siku ya kwanza, na kwamba Ngurumo na Jino Moja wote wawili ni watu wazuri mno, utadhani wamezaliwa tumbo moja.

Ameanza kushuku! Lazima shahidi apatikane, mtu mzima, wa kuaminika, aliyewaona Ngurumo na Jino Moja wakiwa wadogo, kila mmoja kwao. Nikaazima simu ya Shangazi. Kwa dakika tano Bibi Mizizi, muuza dawa, umri miaka tisini, akawa ameshafika kisimani na fimbo yake. Akaanza: "Samahani, wajukuu zangu."

Tarumbeta akamjibu: "Shikamoo, bibi. Pumzika kidogo, usikimbie kwenye viti vitatu, utaanguka. Na msalimie shangazi yako."

Uuguzi umempata mtu wake! Mwanamke hajawahi kumwona, na ameshajua kwamba miguu ni mibovu na kwamba shangazi yu hai. Katika umri wa miaka tisini!

Kesho nawaletea mjomba wao.