Nimebebwa Mgongoni na Mwenye Mbuzi

Jamani, leo sina pa kuweka uso. Nawasimulia mwenyewe kabla Baluku hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mbuzi wa Baluku, Bwera nzima inawajua. Wamekula maharage yangu, wakarudi wakala majani ya viazi. Namwambia awafunge, ananijibu, "Mbuzi nayo iko na miguu." Basi nikampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilitaka kitu kimoja tu: aamriwe mbele ya watu afunge mbuzi wake.

Sukari yangu pia mnaijua. Mwaka jana ilishuka nikaanguka sokoni, nikazindukia hospitali. (Ndiyo, mimi ndiye mliyemtangazia kifo. Wifi Masika, nakuona.) Tangu hapo binti yangu Biira, aliyeko Kasese, amenibandika kipimo nyuma ya mkono, kidogo kama kifuniko cha soda. Kinasoma sukari mchana kutwa na kuipasha simu habari. Ikishuka, simu inalia. Nikitoka, simu anashika Masika, kwa sababu mimi naisahau popote.

Kesi ikaanza. Nikasema yangu yote, kwa sauti. Ikaja zamu ya Baluku. Huyo mtu! Alianzia kwa babu yake aliyetoka Bugoye na mbuzi wawili. Jua kali, benchi iko ukutani, nikaegemea kidogo. (Kidogo tu!) Mkono wenye kipimo ukawa mto wangu.

Kushtuka, simu inapiga kelele na mdomo wangu umejaa soda.

"Sukari yake iko chini! Chini kabisa!" Masika analia, chupa mkononi.

"Niacheni! Mimi mzima!"

"Munamusikia? Biira alisema ikishuka anakuwa mukali!"

Mwenyekiti wetu, askari wa zamani, akajikuna kichwa. "Lakini huyu iko mukali kila siku."

"Na wewe nyamaza!"

"Basi iko mugonjwa kweli. Beba huyu! Haraka!"

Nani akainama? Baluku! Akanitupa mgongoni kama gunia la kahawa, Masika akanifunga kwa kitenge nisidondoke. Na leo ni siku ya soko! Tukapita katikati ya wauza nyanya, wauza samaki, na Wakongo waliovuka mpaka asubuhi. Mama mmoja Mkongo akashika mdomo: "Eh, Mungu! Huyu mutoto iko mukubwa!"

Mimi nampiga Baluku ngumi. "Nishushe, mlisha mbuzi maharage ya watu!"

"Pole, mama. Tunafika. Pole."

Kadiri nilivyomtukana ndivyo alivyozidi kukimbia.

Kliniki, nesi akanichoma kidole. Akatazama mashine. Akanitazama mimi. "Sukari imepanda, haijashuka. Mama, ulilalia huu mkono?"

"Niliegemea."

"Kipimo kikikandamizwa kinaweza kusoma chini bure tu. Ulikuwa usingizini?"

Nikaitazama dari. Baluku, jasho linamtiririka kama aliyenyeshewa, akauliza polepole, "Mama Biira... ulilala mimi nikijitetea?"

Tukarudi kwa mguu, yeye mbele, mimi nyuma. Mwenyekiti alikuwa ameshasikia. (Bwera hakuna siri.)

"Mutu amekubeba mbele ya soko yote, bado unamushitaki? Mupe mukono! Sema asante! Kesi imekwisha!"

Nikasema asante. Watu wakapiga makofi. Masika akapiga vigelegele!

Kipimo sikilaumu, kinanilinda. Biira amenipigia, amecheka mpaka akashindwa kuongea, kisha akasema siku nyingine niegemee upande wa pili.

Sasa nimekaa mlangoni naandika. Mbuzi wako kwenye mihogo yangu, wanatafuna huku wananitazama. Baluku amepita, amenisalimu kwa heshima zote, na mimi nimeitikia vizuri. Ningefanyaje?

Atakayecheka, nitawaelekeza mbuzi wa Baluku shamba lake lilipo.