Turudishieni Zile Nafasi Zilizojaa

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wanachama,
Klabu ya Safari ya Mbawa Pana.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPEWA SAFARI KATIKA WIKI ILE ILE TULIYOIOMBA

Natumaini hujambo wewe na wote mlio ofisini hapo, isipokuwa mmoja nitakayemtaja hapa chini.

Mimi ni fundi makochi. Kazi yangu tangu ujana ni kuwafanya watu wasitake kutoka majumbani mwao. Nakutajia hilo mapema usije ukanidhania mtu wa vurugu. Mtu anayeshinda akigongea misumari midogo na kujaza sponji hana haraka na lolote. Mke wangu ni mpokezi katika zahanati; yeye anashinda akiita majina ya wagonjwa na kuwaambia daktari anakuja. Kwa ufupi, sisi ni watu wa kusubiri na kusubirisha, ndiyo maana tuliona klabu yenu inatufaa.

Tulijiunga baada ya chakula cha mchana cha bure. Bwana mmoja wa kwenu, ambaye sisi tulimbandika jina la Bwana Meno kwa jinsi alivyotabasamu hata alipoambiwa hapana, alitualika mke na mume kwenye ukumbi wa hoteli kusikiliza maelezo mafupi. Maelezo hayo yalianza watu wakiwa na njaa, tukalishwa, na yakaisha watu wakiwa na njaa tena. Kila mtu alipotia sahihi, kengele ililia na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mke wangu alikuwa amebanwa haja, na mlango wa kwendea huko ulikuwa nyuma ya meza ya Bwana Meno. Tukatia sahihi. Mimi nilipigiwa makofi nimesimama, yeye akapigiwa akikimbia. Kwa hilo silalamiki hata kidogo. Yule bwana alikuwa anaijua kazi yake.

Wala silalamikii miaka iliyofuata. Kila Jumamosi tulipopiga simu tulisikilizishwa kinanda, kisha sauti ikatuambia nafasi zimejaa, tujaribu msimu ujao. Msimu ujao ukifika, tunaambiwa huo ni wa wanachama wa daraja la juu. Tukiuliza daraja la juu linapandwaje, kinanda kinarudi. Ilikuwa huduma safi, ya kuaminika, na jamaa zangu wengi niliwasifia.

Lakini sasa, Ndugu Mkurugenzi, maji yamezidi unga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Simu yetu ilipokelewa. Ilikuwa asubuhi, mke wangu amepiga kama ilivyo desturi, simu iko katikati ya meza, nami nimeshaanza kuchovya mkate kwenye chai nikijua kinanda kitachukua muda wake. Mara binti mmoja akatusalimu na kutuuliza atusaidie nini. Mkate ulikatikia kikombeni. Mke wangu akanitazama, nami nikamtazama. Akamwomba binti arudie swali, maskini, kwa kuwa katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa klabu aliyewahi kumuuliza anataka nini.

2. Binti huyo, ambaye naambiwa ni mgeni kazini, hakusema nafasi zimejaa. Mke wangu alitaja hoteli ya mlimani, ile ambayo hujaa daima, tena wiki tuliyoitaka. Binti akasema ipo. Nikaona niingilie kati kama mkuu wa nyumba. Nikadai chumba cha ghorofa ya juu kabisa. Kikawepo. Nikadai kitazame bonde. Kikatazama. Nikadai kisiwe karibu na jikoni, maana mimi harufu ya vitunguu huniumiza kichwa. Kikawa mbali na jikoni. Nikamsihi aangalie vizuri, vijana wa siku hizi wana pupa. Akaangalia tena, akasema cha pembeni yake nacho ni kitupu, kama tuna mtu wa kufuatana naye. Hebu niambie, huo ni uungwana? Inaonekana wazi hakuna aliyemfundisha kazi.

3. Yale malipo ya ziada, ambayo mkataba wenu umeyataja kwa herufi ndogo kama chawa, binti akasema yamefutwa. Yamefutwa na nani? Mimi niliyategemea! Mwanamume akitajiwa malipo ya ziada anapata pa kushika. Anakohoa, anasema mama, mambo bado, na heshima yake inabaki mahali pake. Mmenivua koti mbele ya mke wangu.

4. Hapa ndipo penyewe, na nakuomba uketi.

Watoto wetu wote wameshaondoka. Kitinda mimba alikwenda chuoni juzijuzi, na redio akaibeba. Nyumba ikabaki na watu wawili na makochi mengi. Mimi si msemaji. Ukiniuliza habari za kazi nitasema nzuri, na hapo nimemaliza. Mke wangu naye anarudi sauti imemkauka kwa kuita watu. Kilichotuokoa ni kile kijitabu chenu cha picha. Tukishakula na kuondoa vyombo, tulikifungua juu ya meza, tukasafiri. Yeye anachagua hoteli, mimi nakikataa kitanda. Yeye anataka kukaa dirishani kwenye basi, mimi namkumbusha shingo yake na upepo. Tumewahi kununiana wiki nzima kwa ajili ya upande wa kulala katika chumba ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukitia mguu. Siku ugomvi huo ulipoanza tulipaza sauti mpaka jirani yetu, dereva wa lori, akaja kutusuluhisha. Alipoelezwa chanzo cha ugomvi alivuta kiti, akakitazama kijitabu kwa makini, akasema mama ana haki, upande wa mlangoni kuna baridi. Hadi leo sijamsamehe.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na yalikuwa matamu. Tangu binti yenu athibitishe safari, kijitabu kimefungwa. Kuna haja gani ya kuchagua wakati chumba kimeshachaguliwa? Jioni ya kwanza tulizungumzia sweta. Kesho yake sweta zikanunuliwa. Jioni iliyofuata tulikaa tukasikiliza friji. Friji letu linanguruma vizuri sana, sina ubaya nalo, lakini halijui kuuliza swali.

Nasema ukweli, naogopa. Nakuandikia wazi hivi kwa sababu hatujuani. Naogopa tutafika huko mlimani, tutafungua dirisha, tutasema bonde ni zuri, halafu tutatazamana. Na mke wangu, anayekutana na watu wapya kutwa nzima, wengine wana homa na bado wanamchekesha, atagundua kwamba ameishi miaka yote hii na bwana asiye na la kusema nje ya misumari na sponji. Nyumbani jambo hilo limestiriwa na kijitabu chenu. Mlimani nitastiriwa na nini? Nampenda mke wangu, Ndugu Mkurugenzi, na sioni sababu ya kumpeleka mbali kote huko ili akanichoke.

5. Madhara yamevuka mipaka ya nyumba yangu. Mama mkwe amekuwa akitangaza tangu siku ya harusi kwamba binti yake hatafikishwa na mimi hata mwisho wa lami. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpa nguvu. Alikuwa akiamka mapema ili apate muda wa kuyasema. Tangu alipopata habari ya safari amepoteza hamu ya chakula, amelala anatazama ukuta, na daktari wa zahanati ya mke wangu amempima kila kitu asione ugonjwa. Jana kaniita mwanangu. Sijawahi kuitwa hivyo, na mwili mzima ulinisisimka kwa hofu. Bibi wa watu akitutoka, klabu yenu itamwambia nini mke wangu?

6. Nimelitafakari jambo hili kisheria, nikiwa karakana. Mlituuzia uanachama. Mwanachama ni mtu anayengojea. Akishakwenda ni abiria tu, kama mtu yeyote aliyepanda basi. Hivyo kwa kutusafirisha mmetufukuza klabuni kinyemela. Na kama binti yule ataachwa aendelee hivi, atawasafirisha wanachama wote, mmoja mmoja, wote watarudi wameridhika, na Mkurugenzi utajikuta hapo ofisini na kinanda chako, huna hata mtu mmoja wa kukisikiliza. Msiseme hamkuonywa. Najua mtanijibu kwamba ahadi ni deni. Wahenga walisema hivyo, nami nawaheshimu, lakini hawakusema mtu alipwe ghafla, asubuhi, akiwa na mkate mkononi.

Kwa hayo yote, na kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumatatu, siku basi linapoondoka:

(a) Tuandikiwe barua rasmi yenye mhuri kwamba nafasi zimejaa. Msitaje kwamba niliiomba.

(b) Kama hoteli haiwezi kujazwa, basi mlima wenyewe uahirishwe. Msijaribu kuniambia haiwezekani. Kwa miaka mingi nimewaona mkiahirisha mambo makubwa zaidi.

(c) Yule binti asifukuzwe, ana wazazi. Ahamishiwe idara ya malalamiko, ambako nina hakika simu haijawahi kulia.

(d) Tutumiwe kijitabu kipya, kinene zaidi, chenye hoteli za mbali zisizofikika. Nitashukuru kikiwa na vyumba vyenye vitanda vya ajabu ajabu, vya kubishaniwa.

Msipofanya hivyo nitalazimika kuchukua hatua, ingawa kwa sasa sijui ni hatua gani, kwa kuwa hii ni mara yangu ya kwanza kudhulumiwa kwa kutendewa haki.

Nisalimie Bwana Meno, mwambie tunamkumbuka. Nisalimie mpiga kinanda, kama ni mtu. Msalimie anayeandika zile herufi ndogo, na Mungu amlinde macho yake. Mke wangu angewasalimu pia, ila yuko chumbani anakunja sweta na hajui kama nawaandikia. Wasalimie wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, na kama una mke, mwambie asikubali kupelekwa popote.

Ndimi mwanachama wenu mtiifu, ambaye bado yupo,

Fundi Makochi

Baada ya sahihi: Barua hii haikuwahi posta. Jumatatu mke wangu alinishika mkono kituoni kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa, na nilipopata akili nilikuwa nimeketi upande wa dirisha na basi limekata kona. Naandika kipande hiki nikiwa mlimani.

Bonde lipo. Ili kuliona, unatoa nje kichwa na bega moja, kwani mbele ya dirisha kuna tangi la maji. Blanketi ni moja, na ukifunika mabega miguu inabaki nje. Tulipofungua dirisha tulisema bonde ni zuri, halafu tukatazamana, sawasawa na nilivyohofia. Kukawa kimya, na hapakuwa na friji.

Chumbani kuna kochi. Nilijitahidi nisilitazame. Mke wangu akaniona ninavyojitahidi, akauliza lina nini. Nikasema halina kitu. Akalikalia, akazama mpaka magoti yakamfikia kidevuni, akaanza kucheka, akaniambia nimtoe na nimweleze ni nani aliyefanya unyama ule. Nikalipindua. Nikamwonyesha mikanda ilivyolegea, springi zilivyofungwa ovyo, misumari iliyopigwa na mtu aliyekuwa anawahi kwao. Nilisema sana, Ndugu Mkurugenzi. Sijawahi kusema kiasi kile maishani, na kila nilipotaka kunyamaza aliuliza swali jingine. Akaniambia alikuwa akitaka kuyajua haya siku zote, lakini nyumbani kila akijaribu mimi nafungua kijitabu. Kisha yeye akaanza kuniigizia wagonjwa wake, kuna mmoja anayejibu akiitwa jina la mtu yeyote ili aingie haraka, na nilicheka mpaka wageni wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Mke wangu ni mchekeshaji. Nimeoa mchekeshaji na hakuna aliyeniambia!

Kwa hiyo futa madai yote, na binti mpandishe cheo. Tunaomba mtuongezee siku, na tafadhali lile blanketi lisibadilishwe. Kochi la chumbani tumemaliza kulitengeneza, maana nyundo ndogo huwa hainitoki. Meneja amekuja kulikalia, akatoka, akarudi kutuomba tushuke tukatazame makochi yaliyoko mapokezi. Mke wangu ameshatangulia na nyundo, kwa hiyo nakomea hapa, asije akaanza bila mimi.