Kisanduku cha Mama Yasinta

Hati mpya za mashamba zilitoka bila alama ya nusu. Kila palipotakiwa nusu, kompyuta ilichapa kisanduku kitupu.

Ofisi yetu ya Hati na Ustawi wa Mipaka haikulala. Mkurugenzi, Bwana Mhina, aliunda Kamati ya Tafsiri ya Visanduku. Mimi niliteuliwa mjumbe kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo za gari.

Husna, mchapaji wetu, alieleza kwamba yeye huandika maneno pamoja na alama za maelekezo, kisha kompyuta huyageuza kuwa hati. Fonti, yaani aina ya herufi, inayotumika haina alama ya nusu. Ikibadilishwa, kazi imekwisha kabla ya chai. Kamati ilimshukuru, ikamwomba atoke.

Mama Yasinta alikuja kutoka Kerenge. Shamba lake ni ekari mbili na nusu. Hati ilisema mbili na kisanduku. Shemeji yake, ambaye hasomi hata mabango, hiyo aliisoma vizuri, akaingiza jembe kwenye ile nusu.

Baada ya vikao vinne tuliamua: kisanduku ni jengo.

"Mzee, mimi kule nina mahindi tu," Mama Yasinta alisema.

"Hati ya serikali haisemi uongo, mama," Mhina akamjibu. "Pengine hujalitazama vizuri."

Tulikwenda kulikagua. Tukakuta mahindi, na shemeji akipalilia. Tukamwandikia mama kosa la kubomoa jengo bila kibali.

Wiki hiyo ikafika hati ya Mhina mwenyewe: mashamba matatu Mazinde, kila moja na nusu yake. Niliuliza, kwa nia njema, majengo yake yako wapi. Akasema hata mtoto angeona kuwa ile ni nusu. Katibu wa kamati alikuwa ameshaandika: amebomoa matatu.

"Husna, mwanangu, hiyo fonti yenye nusu inauzwa wapi?" Mhina akauliza.

"Imo humu humu, mzee. Ni kuichagua tu."

Ilichukua dakika sita. Makosa matatu ya Mhina yamebaki kwenye muhtasari, maana fonti haifuti muhtasari, na barua ya kumtaka ajieleze ilibidi aisaini yeye mwenyewe.

Gharama: vikao kumi na moja, safari mbili za gari, katoni nne za karatasi. Mama Yasinta alipata nusu yake mwezi wa nane. Ilikuwa imetoa magunia sita, na shemeji alikuwa ameshayauza Kabuku.