Bila Wanga Mpaka Mstari wa Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Mama Kicheko, huna haya! Umeniacha mkiani mwa mstari kama ndoo iliyotoboka, ukaenda mbele bila hata kugeuza shingo. Na kisa nini? Umepungua kiuno!

Niandike vizuri, hasira isije ikapoa kabla sijamaliza. Kila asubuhi sisi wazee tunakutana getini pa zahanati, tunatembea mpaka darajani na kurudi. Njia ni nyembamba, kwa hiyo tunakwenda wawiliwawili. Kiongozi ni Nesi mstaafu. Ana filimbi na ana mdomo. Kila Jumamosi anatupima pumzi pale kilimani: unapanda huku unataja wajukuu wako wote kwa majina. Ukimaliza bila kuhema, unasogezwa mbele. Pumzi ikikukatikia katikati ya ukoo, nyuma!

Mimi na Mama Kicheko tulikuwa wa mwisho siku zote. Tulikuwa tunasengenya watu mpaka daraja linaona haya. Hayo ndiyo maongezi yangu ya kutwa. Nikifika nyumbani naongea na redio, nayo haijibu.

Juzi kapanda kilima anataja wajukuu kama mwalimu anayeita majina darasani. Kapelekwa mbele kabisa, kando ya Msusi. Huyo Msusi ndiye aliyemfundisha kuacha wanga. Hakuna mkate, hakuna wali, hakuna viazi, hata ndizi marufuku. Eti mwili ukikosa wanga unachoma mafuta yake wenyewe, na mtu anatembea kutwa nzima bila kuchoka.

Mimi nimeachiwa Fundi Cherehani. Anatembea kama anapima kitambaa. Nilipolalamika akaniambia aliye juu mngoje chini. Nikamwambia angoje yeye, mimi napanda.

Kuanzia leo sili wanga. Jumamosi niko mbele, Msusi atajua pa kwenda, na mwenzangu nitamrudisha ubavuni kwangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimefukuza maadui wote jikoni. Mkate, mchele, viazi, hata biskuti za wageni. Wageni gani? Pakiti ilikuwa imeshika vumbi. Vyote nimempa jirani mwenye mapacha. Akashukuru, akauliza kama nahama. Nikamwambia aangalie mapacha wake, wanalamba ukuta.

Asubuhi mayai. Mchana mayai na mboga. Jioni samaki, na yai la kumsindikiza.

Mwanangu mkubwa kapiga simu. Nikamwambia nimeacha wanga. Akasema vizuri sana mama, ila mtandao mbaya, atapiga baadaye. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Nilisikia runinga yake mpaka nikajua nani kafunga bao.

Hakupiga baadaye.

Jumatano, 6 Machi

Mungu wangu! Miguu si yangu. Ni ya mtu mwingine, naye kagoma.

Tulikuwa hatujafika hata kona ya kinyozi, kichwa kikaanza kuzunguka kama feni. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Nikasema nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Fundi aliona. Kisha akatoa ndizi mfukoni akanipa. Nikamuuliza nani kamtuma aje aniue. Basi akaila mwenyewe, taratibu, kasimama upande ule upepo unakotoka. Shetani mkubwa!

Nesi akaja mbio na filimbi yake, akanisema mbele za watu. Eti mwili unataka wiki kadhaa kuzoea, si siku mbili. Eti mtu hakati wanga ghafla halafu siku hiyohiyo akashindana na barabara. Ninywe maji, nipunguze mwendo, na kwa kuwa nina dawa za presha nilipaswa kumwona daktari kwanza. Nikamjibu nimezaa watoto sita na hakuna aliyewahi kuniambia nipunguze mwendo.

Kule mbele Mama Kicheko aligeuka. Akainua mkono, akaniuliza kwa ishara nina nini. Nikapunga mkono kama nafukuza nzi. Akageuka, akaendelea na safari.

Si angerudi! Mtu akifukuza nzi ndiyo lazima uamini kuna nzi?

Alhamisi, 7 Machi

Sikwenda. Nilimpigia Nesi nikasema nina mgeni. Mgeni mwenyewe hayupo.

Tumbo limefunga kama ofisi saa ya chakula. Mdomo una ladha ya msumari. Mchana jirani akapika ule mchele wangu. Harufu ikaingia chini ya mlango bila hodi, ikakaa. Nikaenda kubisha. Nikasema nimekuja kuhakikisha mchele haukuwa na wadudu. Akasema hauna. Nikasema jicho linadanganya, ni vizuri kuonja. Akanichotea sahani. Mwenye njaa hana miiko! Nikala palepale mlangoni, nimesimama. Chakula cha kusimama hakihesabiki.

Pacha mmoja akaniuliza bibi unakaa na nani. Nikamwambia akafute kamasi.

Niliporudi nikafanya mazoezi ya mtihani. Napanda ngazi, nataja wajukuu. Wa nne pumzi ikakata. Wa tano jina likanipotea. Nikakaa kwenye ngazi kulingoja. Jina likaja, sura haikuja. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa hajaota meno.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata dawa! Kwa nini Msusi hahemi kilimani? Ana mjukuu mmoja. Mmoja tu! Akishamtaja anabaki anatazama ndege. Mimi ninao tisa, tena wana wangu waliwapa majina marefu kama majina ya mitaa. Kumbe shida si wanga, shida ni uzazi.

Kesho nitataja wawili, wale waliowahi kunipigia simu wenyewe bila kutumwa na mama yao. Hao saba sijawafuta. Nimewasimamisha kazi kwa muda.

Wanga siachi kuuacha, lakini. Nimeshaanza, na jirani atasema nimeshindwa. Mayai tena. Jana nimeota kuku wamenipeleka mahakamani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeshinda!

Nesi alikuja kando yangu kilimani, akaniamuru nianze. Nikataja wa kwanza kwa sauti. Nikavuta pumzi kama bibi harusi. Nikataja wa pili. Nikafunga mdomo, nikatembea. Nesi akasema alidhani ninao tisa. Nikamwambia wengine wako safarini. Akanitazama kidogo, halafu akapuliza filimbi: mbele!

Nikapita watu wote nimeinua kidevu, simtazami mtu. Nikafika mstari wa kwanza, nikatafuta bega la Mama Kicheko. Halipo! Kando ya Msusi pako wazi.

Kumbe aliyepimwa kabla yangu alikuwa yeye. Nimesimuliwa baadaye. Alipanda kilima anahema kama mpuliza tarumbeta, kila jina la mjukuu analipumzishia njiani, akaongeza na vitukuu ambao hawajachukuliwa hata mimba. Nesi kamrudisha nyuma kabisa. Kwa Fundi!

Basi nikatembea na Msusi. Msusi haongei. Ana vile vidude vya muziki masikioni. Nikamwambia hali ya hewa ni nzuri, akanionyesha kidole gumba. Nikamwambia kinyozi ana mke mwingine, akanionyesha kidole gumba. Safari nzima nimetembea na kidole.

Darajani tukapumzika. Mama Kicheko na Fundi wamekaa kwenye ngazi za daraja, wanamega mkate. Mkate! Akaniita kwa sauti, njoo wewe mwanamke, njoo ukae. Nikasogea, lakini sikukaa. Akasema amerudia wanga tangu juzi, na kule mbele alikuwa anasafirishwa kama mzigo, hana hata wa kumteta. Ndiyo maana akahema kwa makusudi. Alikuwa anarudi kwangu, akakuta nimeshapita. Akacheka mpaka makombo yakamtoka. Akanikatia kipande, akakishika hewani.

Kilikuwa na siagi.

Nikamwambia mimi siku hizi sili mkate. Nikamwambia mstari wa mbele unaondoka mapema. Nikaondoka. Sijui nani alinipa ulimi huu.

Jumapili, 10 Machi

Leo hakuna matembezi. Nimefua pazia safi. Nimefuta dirisha upande wa ndani, kisha wa nje, kisha wa ndani tena, maana linaangalia njia.

Alasiri jirani kaleta ujumbe. Kakutana na Mama Kicheko dukani. Mama Kicheko anasema nisijitie ukubwa, kesho nije tu nisimame nyuma kama zamani, Nesi hatanipiga.

Nisimame nyuma? Mwenyewe? Watu waone nimeshuka kwa miguu yangu baada ya kupanda vile? Nikamwambia jirani amjibu kwamba nitafikiria. Jirani akasema mama, si umpigie simu tu. Vijana wa siku hizi hawajui heshima ya mtu inakaa wapi.

Simu niliiweka mezani mbele yangu. Nikaitazama. Nayo ikanitazama. Tukala mayai.

Jumatatu, 11 Machi

Mbele. Msusi. Kidole gumba.

Nyuma yangu, mbali, nasikia kicheko. Najua kile kicheko kinatoka kwenye uongo gani. Ni ule wa kinyozi, tena mimi ndiye niliyeugundua! Fundi anausikia bure. Na anajibu! Mtu aliyekuwa haongei na mimi zaidi ya methali, leo anasimulia mpaka anasimama njiani.

Nimefikiri njia nzima, na sasa ninaona. Mimi nilikosea kidogo tu. Anayepaswa kuacha wanga si mimi, ni Fundi. Yeye akipata wepesi atasogezwa mbele kwa Msusi, wale wawili watazamane vidole, na mimi nitarudishwa nyuma kwa amri ya Nesi. Kwa amri! Sio kwa kuomba.

Nimetoka kibandani kwake sasa hivi. Nimemkuta anatia uzi kwenye sindano, sahani ya wali kando. Nimemwambia amenenepa. Akasema suruali yake ni ileile tangu afunge ndoa. Nikamwambia suruali anaipanua mwenyewe, itasema nini? Akaniuliza, mama, kama unamtaka mwenzako kwa nini usirudi tu ukae naye, mimi nitatembea peke yangu. Nimemwambia asiniingilie mambo yangu. Nimeondoka na ile sahani.

Sasa sikiliza, Fundi. Kesho alfajiri nakuletea mayai ya kuchemsha. Mkate usiuguse, viazi usivitazame, na wajukuu wako uwapunguze mpaka wabaki wawili. Jumamosi upande hicho kilima, na ole wako uheme!