Naomba Baba Afukuzwe Kazi kwa Siku Moja

Bwera,
17 Januari 2016.

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Kasese.

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Bwera. Mimi ni Naswiba, binti wa Wahab, mtunza stoo wako. Nimeamua kukueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo Mama amesema yasitoke nje ya nyumba yetu.

Nimefaulu mtihani wa darasa la saba, na mwezi ujao naanza shule ya bweni. Barua ya shule inasema mwanafunzi asiye na godoro lake asije. Mimi sina godoro, na sababu ni punguzo lako la wafanyakazi. Nalalamika kwa heshima kama ifuatavyo:

1. Punguzo hilo hufa mwisho wa mwezi lisipotumika. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi Baba hununua kitu, nacho hukatwa kwenye mshahara. Mama akiuliza kwa nini, hujibu kwamba asiponunua atakuwa amekuachia wewe haki yake. Mimi nilifundishwa kwamba asiyenunua kitu hubaki na fedha yake yote, lakini Baba anasema hiyo ni hesabu ya shule.

2. Tumepata sinki la kuoshea mikono, lakini bomba la maji halijafika kwetu. Limewekwa sebuleni. Kuku wa Mama hutagia humo na hakubali kuhamishwa. Tuna kufuli saba na mlango mmoja. Ni Baba tu anayejua ufunguo upi ni wa kufuli ipi; akichelewa kurudi kutoka Kasese Jumamosi, sisi hukaa nje tukijaribu funguo.

3. Mwezi wa kumi na mbili alileta mlango wa chuma, wenye maua ya kuchongwa na kitasa cha rangi ya dhahabu. Nyumba yetu tumepanga, na mwenye nyumba amekataa mlango wake uguswe. Mama aliuzunguka mara mbili, akauliza, "Baba Naswiba, mlango huu utafungua nini?" Baba akamwambia kwamba mtu huanza na mlango, nyumba hufuata. Tangu siku hiyo umeegemea ukuta wa sebule, na wageni wengine hubisha hodi hapo wakidhani kuna chumba.

4. Unajua desturi ya huku: kitu kipya hakikai ndani bila kuoshwa, na hakioshwi kwa maji bali kwa soda. Mlango ulipoteremshwa kwenye gari, jirani yetu Hajati Fatumah alikuwa wa kwanza kufika. Alisema, "Wahab, chuma hiki kisipooshwa kitapata kutu," akakaa. Wakaja na wengine. Walikunywa kreti mbili na kula chapati zote, kisha wakasifu jinsi Baba anavyojua kubana matumizi. Ukijumlisha soda, chapati na nauli ya mlango kutoka Kasese, mtu asiye mfanyakazi wako angeununua kwa bei nafuu kuliko sisi.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Magodoro yamejaa hapa Bwera, lakini Baba hawezi tena kununua kitu kwa bei ya watu wote. Mwenye duka akitaja bei, Baba hucheka kwa huruma, kama mtu aliyeona mwenzake anaibiwa, halafu anaondoka. Ameniambia, "Subiri, binti yangu. Meneja akileta magodoro, tutapata moja kwa bei yetu." Nimesubiri tangu Novemba. Wewe unauza saruji, misumari na mabati. Nimejaribu kufikiria jinsi ya kulalia mabati.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo mawili. Ama uanze kuuza magodoro kabla ya mwezi wa pili, ama umfukuze Baba kazi Ijumaa hii, siku ya soko la Mpondwe. Siku moja tu inatosha. Asubuhi atakuwa mtu wa kawaida, baada ya swala atanunua godoro kwa bei ya kawaida, na Jumamosi umrudishe stoo. Tafadhali usimkemee. Anakupenda sana, na kofia yenye jina la duka haivai ila kwenda msikitini.

Wasalimie wafanyakazi wote, mama anayewapikia chai, na mlinzi wa lango. Mama angekusalimu pia, lakini hajui kwamba nakuandikia.

Wako mtiifu,
Naswiba Wahab.

Nyongeza, Jumanne jioni:

Shafic, dereva atakayekuletea barua hii, hakusafiri jana, na leo mambo yamebadilika. Mama Marie-Louise, mfanyabiashara wa Beni, Kongo, anayenunua magodoro huku na kuyavusha mpaka, alipita kutusalimu, gari lake lililojaa magodoro likingoja nje. Aliona mlango akasimama. "Mulango hii iko inangoya nini?" Mama akamjibu kwamba unangoja nyumba. Akasema, "Nyumba yangu iko inangoya mulango. Nikupe nini?" Mama alinitazama mimi, kisha akatazama gari.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya godoro langu. Ni nene, na bado liko ndani ya nailoni. Baba alipopigiwa simu alisema, "Mmeona sasa? Hata godoro tumelipata kwa punguzo." Hajati Fatumah ameshafika kuliosha.

Kwa hiyo tafadhali usimfukuze Baba, hata kwa siku moja. Mama Marie-Louise anasema nyumba yake ina mlango wa nyuma pia, na mimi bado sina sanduku la kubebea vitu vya shule. Naomba unijibu kwa gari hilihili la Shafic: mlango mwingine wa maua kama ule bado upo, na unaweza kumwekea Baba mpaka mwisho wa mwezi?