Malalamiko Kuhusu Mume Wangu Kupima Brashi za Zulia kwa Haki Kupita Kiasi

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kusafisha Mazulia, Makochi na Mapazia.

KUH: MFANYAKAZI WENU KUZIDISHA UADILIFU

Ndugu Meneja,

Natumai barua hii inakukuta salama, umekaa kitini, na magoti yako yamekunjika chini ya meza bila manung'uniko. Mimi ni mke wa fundi wenu ambaye hapo kazini mnamwita Mizani. Mlimpa jina hilo kwa sababu akipima dawa ya zulia kwa kifuniko huinama kutazama kama imefika kwenye mstari, kisha hurudisha chupani tone lililozidi. Nyinyi mlicheka mkarudi makwenu. Mimi ndiye ninayeishi naye.

Wiki tatu zilizopita ulimwandikia kwamba kampuni inataka kuchagua kifaa kimoja cha kusugulia mazulia, yaani ile kazi ya kati, baada ya kupuliza dawa na kabla ya kuvuta maji. Yeye, kwa kuwa ndiye mkongwe wa mafundi, ajaribu vifaa vinne na alete ripoti Jumatatu hii. Vinne hivyo ni brashi ya mkono, mashine ya brashi moja ya duara, mashine ya pedi inayotikisika, na mashine yenye rola mbili za brashi zinazozunguka kinyume. Mpaka hapo sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu unaanzia mstari wa mwisho, pale ulipoandika kwamba majaribio yafanyike "bila upendeleo wowote, kwenye zulia la nyumba inayotumika kweli." Ndugu Meneja, maneno ya namna hiyo mtu hamwandikii mume wangu. Ungemwandikia tu afanye vizuri, tungelala salama.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, nikueleze jambo ambalo yeye amekataa katakata kulisema. Magoti yake yamekwisha. Miaka ishirini na miwili amepiga magoti kwenye mazulia ya watu, na sasa akitaka kuinuka kitini huinuka kwa awamu. Daktari amemwambia mwaka mmoja mwingine wa kupiga magoti na atatembelea magongo. Mashine zote tatu husukumwa mtu akiwa amesimama. Brashi ya mkono ndiyo peke yake inayotaka magoti. Kwa hiyo mkichagua mashine, mume wangu ana kazi. Mkichagua brashi, hana. Nilimwambia aliandike hilo kwenye ripoti. Akanijibu kwamba magoti yake si sehemu ya zulia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Zulia lililotumika ni langu. Angeweza kwenda kwa mteja yeyote, lakini alisema zulia la mteja lina mwenyewe. Nikamuuliza la kwetu ni la nani. Kesho yake akaniletea ile fomu ya ridhaa mnayowapa wateja, nikasaini nikidhani ananitania. Sasa sebule yangu imegawanywa kwa utepe mwekundu, miraba minne, kila kifaa na mraba wake. Makochi yako barazani. Televisheni imegeuziwa ukutani kwa sababu waya wake ungelala juu ya mraba wa tatu peke yake, na huko ni kuubebesha mraba wa tatu mzigo ambao wenzake hawana.

2. Tumekuwa watengenezaji wa uchafu. Mume wangu aligundua kwamba mraba wa mlangoni umechafuka kuliko ule uliokuwa nyuma ya kochi, ambao haujakanyagwa tangu tuhamie. Akasema kifaa kitakachopewa mraba msafi kitashinda kwa dhuluma. Mtu mwingine angesafisha kote akaanza upya. Yeye aliamua kwamba uchafu usawazishwe. Alibandika ratiba kwenye mlango wa jokofu: kila mtu wa nyumba hii avuke kila mraba mara arobaini kwa siku, na viatu vyake vya kutokea. Mama mkwe wangu, anayetembea kwa mkongojo, aliandikwa kuwa mtu mmoja na nusu. Aligoma. Alisema mkongojo wake hauna tope na yeye si mtu na nusu. Walibishana siku mbili mama na mwana, wakaafikiana kwenye mtu mmoja na robo. Binti yetu anajisomea mtihani huku akizunguka, na sasa ukimuuliza swali lolote la jiografia anaanza kutembea. Jirani yetu fundi cherehani alikuja kurudisha mkasi, akaondoka baada ya mizunguko sitini, akiwa ameahidi kuvaa viatu vile vile kesho. Mimi nimepigana na uchafu katika nyumba hii miaka kumi na minane. Juzi nimekemewa, kwa heshima lakini nimekemewa, kwa kupangusa miguu mlangoni.

3. Chai. Zulia la nyumba inayotumika kweli, alisema, lazima liwe na doa la chai. Akachukua kijiko kimoja kwa kila mraba, birika moja, urefu mmoja wa kumwagia, ambao aliupima kwa rula ya shule. Kwenye mraba wa nne tone likazidi. Akaongeza tone kwenye mitatu iliyobaki. Tone la mraba wa pili likatoka nene. Akaongeza tena. Usawa ulipopatikana birika lilikuwa tupu, na sisi wanne tumesimama na vikombe mkononi kama waombolezaji.

4. Nywele. Anasema zile rola mbili sifa yake ni kuibua nywele zilizojikita kwenye manyoya ya zulia, kwa hiyo kila mraba ulipaswa kuwa na nywele zake, kwa idadi. Sitaeleza zilitoka wapi. Ninachosema ni kwamba ninaandika barua hii nikiwa nimejifunga kitambaa.

5. Nimelifuta. Lilimhusu mama mkwe, na yeye husoma barua zangu.

6. Sasa nifikie siku yenyewe, ambayo ilikuwa Jumamosi. Alipuliza dawa miraba yote, akangoja dakika kumi kwa saa ya ukutani ili dawa ifanye kazi yake, kisha akaanza, kila kifaa dakika tatu. Ile ya duara ilisugua kwa nguvu, ikaacha mizunguko kwenye manyoya ambayo naiona mpaka sasa nikifumba macho. Ya pedi ilikuwa mpole, ila ilisafisha juu, chini kwenye shina ikapita tu. Zile rola ziliibua nywele na mchanga mpaka visanduku vyake vya pembeni vikajaa, na mume wangu alizisukuma huku amesimama wima kama mtu anayesukuma kitoroli sokoni. Nilifurahi, nakwambia kweli. Nilianza hata kupanga makochi yarudi vipi. Ndipo ikafika zamu ya brashi ya mkono.

Nilidhani atalegeza. Mwanadamu yeyote angelegeza. Yeye alipiga magoti, na nilisikia yalivyolia. Akasugua huku na huko, kisha kwa kukatiza, kisha kwa vidole pale kwenye doa, kama vile zulia ni la kiongozi. Nilimnong'oneza aipe brashi nusu ya nguvu zake. Akasema nusu hiyo atakuwa ameiiba. Dakika tatu zilipokwisha hakuinuka. Alisema amejichunguza akaona huenda anaichukia brashi kwa sababu ya magoti bila mwenyewe kujua, na kwamba ili kuifidia kwa chuki hiyo, lazima aiongezee dakika moja. Nikamwambia huo si usawa tena, anaihonga brashi. Akasugua dakika ya nne. Tulimwinua watu wawili, mimi na fundi cherehani. Nilikuwa na hasira naye na nikimhurumia, vyote kwa pamoja, na sikujua kipi nikitangulize. Nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

7. Waamuzi. Hakuyaamini macho yake mwenyewe, kwa hoja kwamba yanajua yanachokitaka. Zulia lilipokauka alitufunga vitambaa usoni, mama mkwe, binti, fundi cherehani na mimi, akatuzungusha mara tatu kila mmoja, akatupitisha pekupeku kwenye kila mraba ili tutoe alama kwa nyayo, moja hadi kumi. Mama mkwe aliupa kumi mraba wa dirishani kwa sababu ulikuwa na joto la jua. Uamuzi ukafutwa, tukarudia jua lilipotoka dirishani. Binti alitaka kujua kama mtu anaweza kukataa kupiga kura. Akaambiwa anaweza, ila aeleze sababu kwa maandishi.

Ndugu Meneja, kutokana na hayo ninaleta maombi yangu, na naomba uyachukulie kwa uzito ule ule ambao mume wangu angeyachukulia, yaani uzito wote.

Kwanza, mwandikie leo hii, kwa karatasi yenye nembo na muhuri, kwamba majaribio yarudiwe kwa upendeleo. Taja kabisa: apendelee rola mbili. Yeye ni mtu wa kufuata maandishi. Ukimwamuru apendelee atapendelea kwa bidii, kwa rula na kwa saa, na hutaona katika nchi yoyote mtu aliyependelea vizuri namna hiyo. Ikiwa kampuni haina utaratibu wa kuamuru jambo kama hilo, basi apelekwe semina. Siku tatu zinatosha: siku ya kwanza kufumba jicho moja, ya pili kuzungusha maneno, ya tatu kukabidhiwa cheti. Sisi tutakifunga fremu tukitundike sebuleni, nikirudishiwa sebule.

Ikiwa semina nayo haiwezekani, mpeni kazi hii mtu asiyejua chochote kuhusu mazulia. Nasikia kwenye kamati hawakosekani. Mtu huyo atatazama vifaa vinne, atapenda kile kikubwa chenye kelele, atasaini, na mume wangu atafanya kazi akiwa amesimama mpaka astaafu. Haki nyingi duniani zimetendeka kwa njia hiyo hiyo na watu hawakuuliza.

Na kama yote hayo yatashindikana, njoo mwenyewe nyumbani kwetu. Brashi ipo. Nitakuonyesha pa kupiga magoti, nitakuwekea saa ya ukutani mbele yako, na utasugua dakika nne kwa nguvu zako zote. Ukiinuka bila kushikwa, nitaondoa malalamiko yangu na nitakuomba radhi kwa maandishi. Usipoinuka, tutaandika uamuzi pamoja ukiwa hapo hapo chini.

Naomba usimwambie kwamba nimeandika. Akijua atataka na wewe upate nafasi ya kujitetea, na atakuja kukusaidia kuandika utetezi dhidi yangu.

Wako anayeishi barazani pamoja na makochi,

Mke wa Mizani.

Nisalimie katibu muhtasi wako, dereva wa gari la mashine, mtunza stoo aliyetuazima utepe mwekundu, mlinzi wa getini, na mafundi wote, hasa wale vijana ambao magoti yao bado mazima. Mama mkwe naye anakusalimu, anasema yeye ni mtu mmoja kamili.

Nyongeza:
Mume wangu ameniomba nimletee ripoti yake ofisini kwenu kwa sababu wiki hii ngazi haziwezi. Bahasha hakuigundisha. Anasema kuigundisha ni kunishuku. Basi nimeisoma. Rola mbili zimepata thelathini. Brashi ya mkono imepata thelathini na moja. Imeshinda kwa alama moja, Ndugu Meneja.

Asubuhi nzima nimekaa mezani na kalamu yake ile ile. Sifuri ya thelathini ukiibana kidogo kiunoni inakuwa nane, na hakuna mtu duniani angejua. Nimejizoeza pembeni ya gazeti, zimenitoka nane nzuri sana. Kisha nimeirudisha ripoti kwenye bahasha kama ilivyo, na ndiyo hii uliyoishika. Kwa hiyo ile amri ya upendeleo usihangaike kuiandika. Kwetu hapana wa kuitekeleza. Magoti hayamo kwenye ripoti ila yamo kwenye barua yangu. Soma vyote viwili, kisha uamue mwenyewe.

Lipo na jingine, na hili mume wangu halijui. Alama hiyo moja ni yangu. Nilifungwa kitambaa, nikazungushwa, lakini zulia ni langu, na sakafu chini ya mraba wa brashi imebonyea kidogo. Nilijua fika nimesimama wapi. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuupa mbili. Ila nyayo zangu zilipotua, manyoya yalikuwa laini na yamesimama kama siku tuliyolileta kutoka dukani, mimi na yeye tumelishika huku na huku. Nikasikia mdomo wangu unasema tisa.

Sijui ugonjwa huu ameniambukiza lini.